Nifundishe ugaidi, au nibaki na haki ya eneo?

SWALI

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mhadhiri wa nadharia ya siasa, huu ni mwaka wangu wa 11 kazini. Tasnifu yangu ya uzamivu ilihusu haki ya eneo: ni kitu gani kinawapa watu fulani haki ya kutawala mahali fulani, kutunga sheria pale na kuamua nani aingie, na haki hiyo inakwenda wapi watu hao wakifukuzwa. Niliandika makala mbili juu ya hayo. Hazikusomwa na wengi.

Kisha nikaandika ya tatu, juu ya maana ya ugaidi. Hoja yenyewe ni fupi. Nilisema ugaidi ni kuua au kujeruhi kwa makusudi watu wasiopigana, ili kuwatia hofu waliobaki hai na kuitumia hofu hiyo kupata jambo la kisiasa. Nikaongeza kwamba watu ambao nchi yao imekaliwa kimabavu wanaweza kuwa na sababu ya haki ya kupigana, na bado wakafanya ugaidi. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifikisha hapa.

Katika kongamano moja bwana mmoja alisimama akasema ninawatafutia wauaji udhuru. Haikupita wiki, mwenzangu wa idarani, mtu ninayemheshimu sana, akaniambia tafsiri yangu ni zawadi kwa serikali, kwa sababu mwenye ndege za kivita hana haja ya kutega bomu sokoni. Makala yangu ya nne imerudi kutoka jaridani na maoni ya wahakiki wawili. Wa kwanza anasema nimewaonea waliodhulumiwa, wa pili anasema nimewapamba. Sijui niirekebishe kuelekea upande gani.

Mkuu wa idara anataka niombe ruzuku ya utafiti wa usalama. Ni fedha nyingi na cheo changu cha uhadhiri mwandamizi kinaningoja huko. Lakini amenieleza wazi kwamba "yale mambo yako ya mipaka" hayatakuwa na nafasi katika mradi huo. Nyumbani nako, mume wangu ana wasiwasi. Juzi nilikuta amevigeuza vitabu vyangu kwenye rafu, migongo ikitazama ukutani, ili mgeni asisome majina. Hakusema kitu, nami sikuvirudisha.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonifanya nikuandikie ni semina ya wiki ya tatu muhula huu. Nilichora mstari katikati ya ubao. Upande mmoja nikaandika "sababu ya kupigana", upande wa pili "namna ya kupigana". Nikatoa mfano wa kubuni: watu wamefukuzwa kwao, miaka 40 imepita, mjukuu wao anapanda basi la raia akiwa na bomu. Nikawauliza wanafunzi, kosa liko upande gani wa ubao? Kijana aliyekuwa amekaa karibu na dirisha akasema taratibu, "Dada yangu alikuwa ndani ya basi kama hilo. Wewe umemfanya mfano." Akafunga daftari, akachukua mkoba wake, akatoka. Kifuniko cha kalamu yake kilibaki mezani. Ninacho mpaka leo, kwenye droo yangu ya ofisini. Hajarudi darasani.

Mwalimu, nakuuliza kama mwanao. Niachane na ugaidi nirudi kwenye haki ya eneo, ambako angalau sitamuumiza mtu? Au nichukue ruzuku na nisahau ya mipaka? Na kijana yule nimwambie nini?

Mhadhiri niliyekwama


JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Unaniuliza ushike lipi uache lipi, kana kwamba umebeba mizigo miwili. Mimi naona mzigo ni mmoja. Bwana wa kongamano, mwenzako wa idarani, wahakiki wako wawili na hata mkuu wako wa idara, wote wanakuomba kitu kimoja: swali la nani ana haki ya mahali limalize swali la namna anavyoruhusiwa kupapigania, au kinyume chake. Mmoja akisikia "wana haki ya nchi yao" anahofia umeshahalalisha bomu. Mwingine akisikia "hilo bomu ni ugaidi" anahofia umeshafuta madai ya nchi. Wewe umekataa yote mawili. Haki ya eneo haisafishi njia iliyo chafu, na njia chafu haiifuti haki ya eneo. Ukiacha somo moja kati ya haya, utakuwa umewapa walichoomba.

Usidhani hili ni gomvi la idara yenu tu. Mwaka 1996 India ilipendekeza katika Umoja wa Mataifa mkataba mmoja mpana dhidi ya ugaidi, na mpaka leo haujakamilika. Wanakwama penye mambo mawili: mapambano ya watu wanaodai kujitawala, na vitendo vya majeshi ya dola. Kwa maneno mengine, yule bwana wako na mwenzako wamekuwa wakibishana ukumbini humo miaka yote hiyo. Tarehe 28 Septemba 2001 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1373, likazitaka nchi zote ziufanye ugaidi kuwa kosa zito la jinai, bila kusema ugaidi ni nini. Wataalamu nao hawakusaidia sana. Alex Schmid alipokusanya tafsiri zilizokuwa zikitumika katika maandishi ya kitaaluma miaka ya 1980, alipata 109.

Hata maneno yenyewe yana historia inayopotosha. Kabla halijabeba maana ya leo, neno letu gaidi lilikuwa la mnyang'anyi, jambazi anayewavizia watu njiani. Hakuwa na dai lolote la kisiasa. Wafaransa, ambao neno lao limezaa lile linalotumika katika lugha nyingi za Ulaya, walilitoa katika kipindi cha hofu cha mapinduzi yao, 1793 na 1794, na wakati huo aliyekuwa akitisha watu ni serikali. Basi ukitamka neno hili mbele ya darasa, huyu anamsikia mnyang'anyi, yule anaisikia dola, mwingine anaukumbuka mlipuko alioukimbia. Ndiyo maana tafsiri yako inapaswa kushika kitendo, isimtazame aliyekitenda. Umeshafanya hivyo, lakini umefanya kimyakimya. Sema wazi, katika aya ya kwanza, kwamba inamhusu yeyote: kikundi cha watu watano, chama cha ukombozi, au jeshi la nchi lenye ndege.

Hapo utakuwa umemjibu mwenzako nusu. Ile nusu ya pili ni ngumu zaidi na nataka uitendee haki, kwa sababu ana hoja. Mwanafalsafa Michael Walzer, katika kitabu chake cha 1977 juu ya vita vya haki, aliulaani ugaidi bila kumung'unya maneno, na katika hesabu hiyo akayaweka pia mabomu ya Uingereza yaliyoangushwa juu ya makazi ya watu katika miji ya Ujerumani. Lakini aliacha mlango mdogo wazi: jamii ikikabiliwa na maangamizi yaliyo karibu kabisa, huenda ikalazimika kuvuka mstari. Mwanafalsafa mwenzake, Tony Coady, alimhoji kwa nini mlango huo unaelekea kuwafungulia wenye dola kwanza. Sijaona jibu linaloniridhisha. Kama mlango upo, upo kwa wote, na wanyonge ndio wenye kudai kwa urahisi zaidi kwamba maangamizi yako karibu. Kama haupo, basi ufungwe kwa wote, na wenye ndege wawe wa kwanza kuambiwa. Mimi nimeufunga. Wewe amua, kisha uandike umeamua nini. Makala yako imekaa kizingitini, na ndiyo sababu kila mhakiki ameona upande wake umedhulumiwa.

Kuna waraka mmoja nakushauri uugawe kwa wanafunzi ukurasa kwa ukurasa. Itifaki ya Kwanza ya nyongeza kwenye Mikataba ya Geneva, ile ya sheria za vita, ya tarehe 8 Juni 1977. Kifungu cha 1, aya ya 4, kinawatambua watu wanaopigana dhidi ya utawala wa kikoloni, ukaliaji wa kigeni na tawala za kibaguzi. Vita vyao vinahesabiwa kuwa vita vya kimataifa, si fujo za ndani. Wengi walifurahi, wengi walikasirika, na wakaishia hapo. Sogea mpaka kifungu cha 51, aya ya 2: vitendo au vitisho vya nguvu ambavyo lengo lake kuu ni kueneza hofu kubwa kati ya raia vimepigwa marufuku. Hapakuandikwa "isipokuwa kwa wenye haki". Waraka ule ule, mkono ule ule, umempa mtu hadhi ya mpiganaji na kumkataza basi la raia. Sasa uweke karibu na Mkataba wa Algiers wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wa 1999. Kifungu cha 3 kinasema mapambano ya watu kwa ajili ya ukombozi na kujitawala, kwa kufuata misingi ya sheria ya kimataifa, hayatahesabiwa kuwa vitendo vya kigaidi. Naelewa walichokuwa wakikilinda. Baadhi yao walitoka katika harakati zilizoitwa za kigaidi na watawala waliowapiga. Lakini ona hatari ya sentensi ile ikisomwa kwa haraka: sababu inaanza kukitakasa kitendo. Maneno yale ya katikati, kuhusu misingi ya sheria ya kimataifa, ndiyo yanayoishikilia nyumba isianguke, na ni machache mno kwa mzigo huo. Muhula mzima unaweza kusimama juu ya vifungu hivi vitatu.

Na ukitaka mtu badala ya waraka, mtwae Mandela. Tarehe 20 Aprili 1964, akiwa kizimbani, aliieleza mahakama kwamba walikuwa na njia nne za kutumia nguvu mbele yao: hujuma, vita vya msituni, ugaidi na mapinduzi ya wazi. Wakachagua hujuma, akaeleza, kwa kuwa haikuhusisha kupoteza maisha ya watu. Alijua neno lile, akaliweka katika orodha, akalikataa kwa jina lake. Pamoja na hayo, jina lake na ya wenzake wa chama cha ANC yaliendelea kuwamo katika orodha ya Marekani ya wanaotiliwa shaka ya ugaidi hadi 2008. Wanafunzi hupenda kisa hiki, nawe usiwaache wakipende bure. Wapeleke mpaka mtaa wa Church Street, Pretoria, tarehe 20 Mei 1983, ambapo bomu la tawi la kijeshi la chama kile kile liliua watu 19. Lililengwa kwenye makao makuu ya jeshi la anga, lakini lililipuka mtaani wakati watu wanatoka kazini. Je, ule ulikuwa ugaidi kwa tafsiri yako? Au ni uzembe mkubwa dhidi ya maisha ya raia, ambao nao ni kosa zito, ila ni kosa lingine? Mwanafunzi anayeweza kulijadili swali hilo bila kuyumba kwenye haki ya weusi wa Afrika Kusini kuitawala nchi yao, huyo amelielewa somo lako.

Nije kwenye haki ya eneo, ambako unadhani ni salama. Mwanangu, si salama hata kidogo, na naona humo ndimo iliko kazi yako kubwa ambayo bado hujaiandika.

Lugha yetu ina neno nchi, ambalo ni udongo na ni dola kwa pamoja, na mwananchi ni mtu wa nchi hiyo kwa maana zote mbili. Wananadharia wamechukua karne kadhaa kujaribu kuzitenganisha maana hizo na kuziunganisha tena. John Locke mwishoni mwa karne ya 17 alitaka jasho la mkulima liwe mzizi wa umiliki, na hoja hiyo ikaja kutumiwa dhidi ya watu ambao walowezi waliamua kwamba hawalimi inavyopaswa. Katika miaka ya karibuni Margaret Moore, kwa kitabu chake cha 2015, ameuweka mzizi kwenye maisha ambayo watu wameyajenga mahali pale, mahusiano na mipango yao isiyohamishika. Hoja nzuri. Lakini ukiikubali, umekubali kwamba hata mjukuu wa mvamizi, aliyezaliwa pale na hajui kwingine, anaanza kuota mizizi.

Jeremy Waldron alilisema hili kwa ukali mwaka 1992. Alitoa mfano wa nyika yenye visima, kila kundi na kisima chake. Kundi moja linavamia kisima cha jirani, na hiyo ni dhuluma. Kisha ukame unakuja, visima vingine vinakauka, na sasa haki yenyewe inataka kisima kilichobaki kigawanywe. Yule mvamizi, ambaye jana alikuwa mwizi, leo ana haki ya kunywa. Dhuluma haikufutwa, hali imebadilika ikaipita. Unaifahamu makala hiyo kuliko mimi, bila shaka. Ninachokuomba ni uisome tena ukiwa na yule mjukuu wako wa kwenye basi kichwani. Ukiwaambia watu waliofukuzwa kwamba haki yao inafifia kadiri miaka inavyopita na watoto wa wengine wanavyozaliwa pale, umewawekea saa ukutani. Aliyevamia anaambiwa akae tu, muda unamfanyia kazi. Aliyefukuzwa anaambiwa aharakishe. Na mtu dhaifu aliyeambiwa aharakishe ana njia ngapi?

Sisemi nadharia ya muda inatega mabomu. Anayetega bomu ni anayelitega. Nasema kuna swali kubwa hapa: je, haki ya eneo inaweza kutengenezwa ili kupita kwa muda kusiwe zawadi kwa aliyechukua? Kwa mfano, saa isianze kuhesabu kabla madai hayajapata pa kusikilizwa kwa haki. Au haki ya kutawala ipite lakini deni libaki, na deni hilo liwe na mdaiwa anayejulikana. Swali kama hili ataliona nani? Aliyesoma ugaidi peke yake haioni saa. Aliyesoma eneo peke yake hamwoni mtu aliyesimama chini ya saa akiwa amekata tamaa, wala abiria watakaolipa. Tamar Meisels wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv alitoa kitabu juu ya haki ya eneo mwaka 2005 na kingine juu ya ugaidi mwaka 2008, na kazi yake ikaendelea hadi maadili ya vita kwa jumla. Huna haja ya kukubaliana na hitimisho lake lolote ili uone kwamba njia hiyo inapitika, na kwamba swali la kwanza lilimwandaa kwa la pili.

Kuhusu ruzuku, kabla hujajibu ndiyo au hapana, omba mkataba usome mwenyewe. Nani anaona andiko lako kabla halijachapishwa, na je, anaweza kulizuia? Maelezo utakayokusanya ni ya nani? Kama mfadhili ana kauli ya mwisho, kataa, hata kwa cheo hicho. Cheo kitakuja kwa njia nyingine, na nimewaona waliokipata mapema kwa namna hiyo wakitumia miaka kumi wakiandika wasichokiamini. Kama hana, mrudie mkuu wako wa idara na andiko la ukurasa mmoja lenye swali la saa nililokueleza, lenye neno eneo katika kichwa chake. Watu wa usalama wanajua kuliko anavyodhani kwamba vurugu nyingi wanazozihangaikia zinahusu ardhi na mipaka. Huenda wakalitaka.

Pia ukumbuke wewe ni mwananadharia. Shambulio likitokea, redio watakupigia baada ya saa moja wakitaka useme kundi gani limefanya na litafanya nini kesho. Hiyo si kazi yako na huijui. Waambie utazungumza wiki ijayo. Siku ya kwanza ni ya waliofiwa.

Mumeo ana haki ya kuogopa, usimpuuze. Mwaka 2008 nchini Uingereza mwanafunzi mmoja wa uzamili alikamatwa na kushikiliwa takriban wiki nzima kwa sababu ya waraka wa mafunzo ya kigaidi aliouhitaji kwa utafiti wake, waraka ambao ulikuwa ukipatikana hadharani kwenye tovuti ya serikali ya Marekani. Aliachiwa bila mashtaka, na baadaye polisi wakamlipa fidia. Lakini wiki ile hairudishwi. Basi andika barua kwa kamati ya maadili ya utafiti ueleze unasoma nini na kwa nini, upate jibu lenye sahihi na tarehe. Nyaraka za makundi yenyewe zisomee kwenye kompyuta ya chuo, usizihifadhi kwenye simu, usimtumie mwanafunzi kwa barua pepe. Tafuta mwanasheria wa chuo akueleze sheria ya ugaidi ya nchi unayofanyia kazi inasemaje kuhusu kumiliki na kusambaza maandishi, maana zinatofautiana sana. Mweleze mumeo kwamba umeyafanya haya, mwonyeshe barua. Kisha vigeuzeni vile vitabu pamoja, wewe na yeye.

Wahakiki usiwajibu mmoja mmoja. Ukishaongeza ile aya ya kwanza na kusema wazi umefunga au umefungua mlango wa Walzer, makala itakuwa na uti wa mgongo, na watakupinga kwa kile unachokisema kweli.

Sasa kijana.

Mstari wako ubaoni ulikuwa sahihi, na usiuone aibu. Ila hebu tazama mfano wako ulivyopangwa. Mjukuu alikuwa na historia: familia, miaka 40, kufukuzwa. Abiria walikuwa "basi la raia". Wewe mwenyewe unafundisha kwamba ugaidi ni kumtumia mtu asiyepigana kama ujumbe kwa wengine, na katika mfano ule abiria walikuwa ujumbe pia, kwa wanafunzi wako. Hukukusudia. Mifano yetu mingi imejengwa hivyo, yangu pia ilikuwa hivyo kwa miaka mingi, kwa sababu swali gumu linaonekana liko kwa mtendaji, na aliyekufa hana swali la kutuuliza. Muhula ujao uanze na abiria. Alikuwa anakwenda wapi, ana dai gani juu ya nchi ile yeye mwenyewe, na je, haki yake ya kupita barabarani bila kuuawa inategemea jibu la nani mwenye nchi? Utakuta hoja yako inasimama imara zaidi ikianzia hapo, maana jibu ni hapana, na linabaki hapana hata kama babu yake alivamia.

Lakini hilo ni la darasa. Kwake usiende na hoja. Usimwalike ofisini, mtafute alipo, na ukimkuta na wenzake subiri. Mpe kifuniko chake. Mwambie alisema kweli, na kwamba tangu siku ile hujaufundisha tena mfano ule. Usimwombe arudi darasani siku hiyo, wala usimweleze maana ya mstari wa ubaoni. Akitaka ataiuliza yeye. Mpangie njia ya kumaliza somo bila kukaa kwenye semina ile kama atapenda, na umwambie kwa maneno mafupi kwamba alama zake hazitaguswa.

Halafu umuulize jina la dada yake. Katika barua yako yote hukulitaja, na nadhani bado hulijui.